Kelele kwenye hedifoni za kompyuta: tiba ipi kwa mlio upi?

Hedifoni inayovuma au kutoa shhh wakati hakuna kinachocheza ina tiba zisizopungua nane, na nyingi kati ya hizo hazihusiani na tatizo ulilo nalo. Kitenganishi cha ethi, yaani kifaa kidogo kinachokata njia ya umeme wa ethi (waya wa ardhini) kati ya vifaa viwili, hupendekezwa haraka kuliko kifaa kingine chochote, na kwa mtu mwenye hedifoni tu ndicho kisichofaa kuliko vyote. Kadi ndogo ya sauti ya USB huwafaa watu wengi, lakini haimsaidii hata kidogo yule ambaye mikwaruzo yake inasababishwa na draiva (programu inayoendesha kifaa) ya Wi-Fi. Ndiyo maana ulinganisho huu unaanza na mlio wenyewe, kisha vifaa.

Mlio unasema unatoka wapi

Mvumo mzito wa "mmmm" usiokatika unafuata umeme wa ukutani: Hz 50 katika sehemu kubwa ya dunia, Hz 60 Marekani na nchi nyingine kadhaa, au mara mbili ya hapo. Huo ni mlio wa ethi, wa chaja, au wa vifaa viwili vya umeme vilivyounganishwa kwa waya wa sauti.

Mlio mwembamba unaobadilika unaposogeza kipanya, unaposhusha ukurasa au mchezo unapofunguka ni umeme wa ndani ya kompyuta ulioingia kwenye njia ya sauti. Kadi ya michoro huvuta mkondo mkubwa unaopanda na kushuka kila sehemu ndogo ya sekunde, na waya wa sauti unaopita karibu nayo huunasa kama antena.

Shhh nyembamba, tulivu, isiyojali unafanya nini kwenye kompyuta, ni kelele ya amplifaya yenyewe. Hakuna amplifaya isiyo nayo. Linalotofautiana ni usikivu wa hedifoni: ile ya kufunika masikio huenda isiitoe kabisa, na ile ndogo ya kuingiza sikioni, ya omu 16 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), ikaitoa waziwazi kwenye tundu lilelile.

Mikwaruzo na vipasuko vinavyokuja bila mpangilio wakati muziki unacheza ni data iliyochelewa kufika, au ni plagi isiyogusa sawasawa. Zungusha plagi taratibu ndani ya tundu. Mkwaruzo ukifuata vidole vyako, tatizo ni tundu au waya, wala usihangaike na programu.

Ukisikia feni ya chumbani, kibodi yako, au sauti yako mwenyewe ikirudi masikioni, hiyo ni maiki inayopitishwa moja kwa moja kwenye hedifoni. Na ule mlio wa "trr-trr-trr" unaokuja kwa vishindo ni simu iliyo karibu na waya: mtandao wa 2G hurusha mawimbi kwa vipande takriban 217 kwa sekunde, na masikio huvisikia. Sogeza simu mita moja.

Vipimo vya dakika kumi kabla ya kununua chochote

Cha kwanza kina thamani kuliko vingine vyote. Shusha sauti ya kompyuta hadi sifuri huku hedifoni ikiwa imechomekwa. Kelele ikibaki vilevile, inaingia baada ya kidhibiti sauti: kwenye amplifaya, ubao mama, waya au ethi. Hiyo hutibiwa kwa vifaa. Ikipungua pamoja na sauti, inatoka juu zaidi, yaani kwenye programu, maiki, au rekodi yenyewe. Hiyo hutibiwa kwa mipangilio, na pesa yoyote utakayotumia kununua kifaa itapotea.

Kisha chomeka hedifoni hiyohiyo kwenye simu au kifaa kingine kinachotumia betri. Kelele ikiendelea, hedifoni ndiyo mgonjwa.

Kwenye kompyuta mpakato, chomoa chaja huku ukisikiliza. Kwenye kompyuta ya mezani, hamisha plagi kutoka tundu la mbele la kasha kwenda tundu la kijani la nyuma. Halafu fungua kitu kinachoipa kadi ya michoro kazi nzito, bila kikomo cha fremu (picha kwa sekunde), kisha weka kikomo cha fremu 60 kwa sekunde. Mlio ukishuka au ukibadilika sura, umempata mhusika.

Kipimo cha mwisho ni kwa wenye mikwaruzo pekee: washa kompyuta kwa Linux, mfumo endeshi mwingine, iliyo kwenye flashi, bila kuisakinisha, na ucheze muziki kwa robo saa. Mikwaruzo ikitoweka, vifaa vyako ni vizima na tatizo liko kwenye draiva za mfumo wako wa kawaida.

Tiba zenyewe, upande kwa upande

| Tiba | Inachoondoa | Isichogusa | Hasara yake |
|---|---|---|---|
| Tundu la nyuma badala ya la mbele | Mlio wa kipanya na kadi ya michoro unaonaswa na waya wa mbele | Shhh, mvumo wa chaja | Waya wa hedifoni unaweza usifike |
| Kadi ndogo ya USB | Kelele nyingi za ndani ya kasha | Mikwaruzo ya draiva | Ya hali ya chini huleta mlio wake wa Hz 1,000 |
| Kadi ya ndani ya PCIe (inayochomekwa kwenye ubao mama) | Kelele za sakiti ya sauti ya ubao mama | Kelele za kadi ya michoro iliyo jirani | Bado iko ndani ya kasha |
| Kitenganishi cha ethi cha transfoma | Mvumo kati ya kompyuta na amplifaya ya ukutani | Karibu kila kitu kingine | Kikiwekwa mbele ya hedifoni, besi hupungua |
| Kitenganishi cha USB | Mvumo na mlio unaopita kwenye ethi ya USB | Shhh ya amplifaya | Kasi na umeme kidogo |
| Waya wa faiba | Kila kelele inayosafiri kwa shaba | Shhh ya amplifaya | Unahitaji kibadilishi (kifaa kinachogeuza data kuwa sauti) chenye umeme wake |
| Kipunguzi cha resista | Shhh, na mlio wowote unaoingia kabla yake | Mikwaruzo | Sauti ya juu kabisa inapungua |
| Hedifoni zisizo na waya | Mvumo na mlio wote wa kompyuta | Mikwaruzo ya mawimbi | Sauti huchelewa. Ubora hushuka maiki ikiwashwa |
| Mipangilio na draiva | Mikwaruzo, maiki inayorudi | Kelele zote za umeme | Hakuna |

Tundu la mbele na tundu la nyuma

Huu ndio ulinganisho usio na gharama, na watu wengi huuruka. Tundu la mbele la kasha huunganishwa na ubao mama kwa waya mwembamba ambao mara nyingi hauna wavu wa kinga. Waya huo huvuka kasha zima hadi kwenye pini 9 zilizo ukingoni mwa ubao, kwa kawaida pembeni chini, ukipita chini ya kadi ya michoro. Katika makasha mengi kuna kasoro nyingine: ethi ya sauti na ethi ya matundu ya USB ya mbele hukutana kwenye kibao kimoja kidogo. Mkondo wa kipanya na flashi hurudi kwa njia ileile inayotumiwa na hedifoni, na ndiyo maana unausikia mshale ukitembea.

Tundu la nyuma limefungwa moja kwa moja kwenye ubao mama, sentimita chache tu kutoka kwenye chipu ya sauti. Kama kelele inakwisha ukihamia nyuma, umemaliza: nunua waya wa kurefusha wa milimita 3.5 wenye kinga, wa mita 1 au 2, uulete mezani. Ukitaka kubaki na tundu la mbele, zima kompyuta, chomoa umeme, fungua kasha na upitishe waya wa sauti kando ya sakafu ya kasha, mbali na kadi ya michoro na nyaya za umeme. Pale ambapo lazima uvuke waya wa umeme, uvuke kwa pembe ya mraba, usiende nao sambamba.

Usilisahau tundu lililo kwenye skrini. Ukitumia HDMI au DisplayPort, sauti hubadilishwa ndani ya skrini, karibu kabisa na saketi ya taa yake. Badilisha mwangaza wa skrini: mlio ukibadilika nao, usinunue kitu, hamia tundu la kompyuta.

Kadi ya USB au kadi ya ndani?

Kwa mlio wa kipanya na kadi ya michoro, chagua USB. Kadi ya PCIe ina chipu nzuri zaidi na pengine kifuniko cha chuma, lakini bado imekaa kwenye nafasi ya jirani na kadi ya michoro na inakunywa umeme uleule. Katika kasha dogo lenye kadi kubwa ya michoro, unaweza kutumia pesa nyingi na mlio usiondoke. Faida yake ya kweli ni kwa mwenye hedifoni za omu 250 au 300 zinazohitaji volti nyingi, na ambaye kasha lake lina nafasi ya kutosha kati ya kadi hizo mbili.

Kadi ndogo ya USB, hata ile ya ukubwa wa kidole gumba yenye waya wa sentimita 10, hufanya jambo moja ambalo ya ndani haiwezi: inabadilisha data kuwa sauti nje ya kasha. Kinachopita kwenye waya ni namba, na namba hazivumi. Sauti ya umeme inaanza kuwepo sentimita chache tu kabla ya hedifoni yako.

Lakini zitofautishe. USB ya kasi ya kawaida hutuma data kwa fremu moja kila milisekunde 1, na kadi isiyochuja umeme wake vizuri hugeuza mpigo huo kuwa mlio wa Hz 1,000. Zile za kasi ya juu hutumia vipande vya sehemu ya 8 ya milisekunde, na mlio wake ukiwepo huwa wa Hz 8,000, mwembamba sana na wenye kuchosha. Ukisikia mlio wa kimo kimoja usiobadilika hata kompyuta ikiwa imetulia, kadi yenyewe ndiyo yenye kasoro. Ichomeke kwenye tundu la nyuma, siyo kwenye kigawanyio kinachotumiwa na diski ya nje au kamera.

Jambo moja kuhusu plagi. Hedifoni yenye maiki ina plagi ya pete tatu nyeusi, na tundu la zamani la kompyuta limetengenezwa kwa plagi ya pete mbili. Migusano isipokaa mahali pake, unapata mvumo, au sauti ya waimbaji inayosikika kama iko mbali ndani ya bomba. Hapo kadi yenye tundu moja la pamoja, au kigawanyio cha plagi moja kwenda mbili, inatibu kitu ambacho watu hukiita kelele kumbe ni plagi isiyolingana na tundu.

Vipi kuhusu kibadilishi kikubwa cha mezani chenye amplifaya? Kinacholishwa na USB peke yake kina tabia ya kadi ndogo, kikiwa na nguvu zaidi. Kinachochomekwa ukutani huleta uwezekano ambao haukuwepo: sasa kuna vifaa viwili vya umeme vilivyounganishwa kwa shaba. Hapo ndipo vitenganishi vinapata kazi.

Vitenganishi: cha transfoma, cha USB, na faiba

Mzunguko wa ethi unahitaji njia mbili. Kompyuta imeungana na ethi kupitia waya wake wa umeme, amplifaya nayo imeungana kupitia wa kwake, na waya wa sauti au USB unafunga duara. Tofauti ndogo ya volti kati ya ethi hizo mbili inasukuma mkondo kwenye waya wa sauti, nawe unausikia kama mvumo.

Hedifoni iliyochomekwa kwenye kompyuta peke yake haina njia ya pili. Iko kichwani mwako, haijaungana na ukuta. Hakuna duara la kukata. Kwa hiyo kitenganishi cha transfoma kilichowekwa kati ya kompyuta na hedifoni hakina cha kutenganisha, na kinaleta madhara: transfoma zake ndogo zimetengenezwa kwa ajili ya kuingia kwenye amplifaya yenye ukinzani wa maelfu ya omu. Ukizifunga kwenye hedifoni ya omu 32, besi inapungua, sauti inashuka, na noti nzito zinapokuja kwa nguvu kiini cha transfoma hushiba na sauti hupasuka. Ikitokea mvumo ukapungua, mara nyingi ni kwa sababu kila kitu kimepungua.

Mahali pake halisi ni kati ya kompyuta na amplifaya au mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) inayochomekwa ukutani, kwenye waya wa kiwango cha laini, yaani sauti ambayo bado haijakuzwa kwa ajili ya spika au hedifoni. Hapo hufanya kazi vizuri na ndicho chepesi kukifunga: kichomeke katikati ya waya, basi.

Kama amplifaya yako inaunganishwa kwa USB, kitenganishi cha transfoma hakina pa kukaa. Linganisha kitenganishi cha USB na faiba. Vitenganishi vingi vya USB hutumia chipu ya ADuM4160 ya Analog Devices, ambayo mwisho wake ni megabiti 12 kwa sekunde. Hiyo inatosha stereo ya biti 24 kwa Hz 96,000 kwenye kadi inayofuata daraja la kwanza la sauti ya USB (USB Audio Class 1). Kibadilishi kinachohitaji megabiti 480 huenda kisitambuliwe kabisa, au kirudi kwenye hali ya chini. Angalia pia umeme: vingi vina kigeuzi cha wati 1, yaani takriban miliampea 200 kwa volti 5. Amplifaya inayolishwa na USB na kuvuta miliampea 400 itazimika muziki ukipanda.

Faiba, ile ya TOSLINK iliyoletwa na Toshiba mwaka 1983, haina tatizo la umeme kwa sababu inapitisha mwanga ndani ya uzi wa plastiki. Hakuna shaba, hakuna duara. Kama kompyuta yako ina tundu la faiba na amplifaya yako inapokea faiba, hii ndiyo njia safi kuliko zote kwa sauti ya stereo, na ni rahisi kuliko kitenganishi cha USB chenye ubora. Kaa ndani ya mita 5, na usiukunje uzi kwa kona kali. Tatizo ni kwamba kompyuta mpakato nyingi na mbao mama nyingi mpya hazina tundu hilo.

Hapa kuna jambo la usalama ambalo haliwezi kulainishwa. Kukata pini ya ethi, au kuizima kwa plagi ya kubadilishia, huondoa mvumo kweli. Huondoa pia kinga kuu iliyopo siku waya wa moto utakapogusa chuma cha kifaa, na siku hiyo umeme unaweza kupita kwenye hedifoni kwenda kichwani. Usifanye hivyo, hata kwa majaribio ya dakika moja. Njia halali ni kuchomeka kompyuta na amplifaya kwenye ekstensheni moja yenye ethi, ili ethi zao zikutane karibu. Mara nyingi mvumo hupungua sana bila kununua kitu.

Kwa kompyuta mpakato inayovuma chaja ikiwepo, chaja za pini mbili huvujisha mkondo mdogo sana kupitia kapasita zake za kuchuja, na mwili wa kompyuta unaelea juu ya ethi. Dalili yake ni msisimko mwepesi ukipitisha kidole juu ya chuma, na mvumo unaobadilika unapokigusa. Chaja ya pini tatu iliyochomekwa kwenye soketi yenye ethi halisi husaidia kuliko kifaa chochote cha sauti.

Shhh: kipunguzi kinashinda kadi ya gharama

Mtu mwenye hedifoni ndogo zenye usikivu mkubwa hununua kadi baada ya kadi akitafuta ukimya. Jibu lake mara nyingi ni resista nne.

Kelele ya amplifaya ina kiwango kisichobadilika, haijalishi umeweka sauti wapi. Hedifoni yenye usikivu mkubwa inakulazimisha kusikiliza ukiwa umeshusha sauti karibu na sifuri, kwa hiyo muziki unakaribia kiwango cha kelele. Ukipunguza vyote viwili kwa pamoja kabla ya hedifoni, kisha ukapandisha sauti ya kompyuta kufidia, muziki unarudi ulipokuwa na kelele inabaki chini.

Kwa kila upande, weka resista ya omu 33 kwenye njia ya sauti, kisha resista ya omu 3.3 kutoka upande wa hedifoni kwenda ethi. Robo wati inatosha. Kwa hedifoni ya omu 16 hadi 32 utapata upungufu wa desibeli 21 hadi 22. Je, sauti itatosha? Chukua hedifoni ya omu 16 inayotoa desibeli 110 kwa miliwati 1, kwenye tundu linalotoa volti 1: baada ya kipunguzi bado inafika takriban desibeli 105, zaidi ya inavyofaa kwa masikio. Lakini hedifoni ya omu 32 yenye desibeli 95 itaishia takriban 88, na utaona ni ndogo. Kwa hiyo tumia omu 22 na omu 10 badala yake. Upungufu utakuwa karibu desibeli 12.

Linganisha na adapta yenye resista moja tu ya omu 75, inayouzwa tayari. Inapunguza takriban desibeli 15 kwa hedifoni ya omu 16 na kidogo zaidi ya 10 kwa ya omu 32, na haihitaji fundi. Lakini hedifoni nyingi ndogo zenye spika kadhaa ndani hubadilisha ukinzani wake kulingana na masafa, na resista moja mbele yake hubadilisha uwiano wa besi na sauti nyembamba. Kipunguzi cha resista mbili kwa kila upande huiacha hedifoni ikiona takriban omu 3 tu, kwa hiyo sauti yake haipotoki. Kidhibiti cha gurudumu kilicho kwenye waya hufanya kazi inayofanana, ila pande mbili hazilingani kikiwa chini, na kikizeeka huanza kukwaruza.

Kadi yenye swichi ya nguvu ndogo na kubwa? Iweke kwenye ndogo kabla ya yote haya. Wakati mwingine inatosha.

Bluetooth au redio ya GHz 2.4?

Zote mbili hukata shaba, kwa hiyo mvumo na mlio wa kompyuta haviwezi kufika. Zina amplifaya zake ndani, kwa hiyo shhh kidogo inaweza kuwepo, na zile zinazofuta kelele za nje huongeza shhh yake ambayo husikika kwenye chumba tulivu. Zima ufutaji huo ndipo uihukumu.

Kwa muziki na filamu, Bluetooth inatosha. Kwa mazungumzo kuna mtego: maiki ya hedifoni ikiwashwa, Bluetooth ya kawaida huacha stereo na kuhamia hali ya simu, yenye sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde. Sauti inakuwa ya kopo, na wengi hudhani hedifoni imeharibika. Tumia maiki nyingine, ya kompyuta au ya USB, na uichague waziwazi kwenye programu ya mazungumzo. Hedifoni na kompyuta zinazotumia LE Audio, mfumo mpya wa sauti wa Bluetooth, zimeondoa sehemu kubwa ya tatizo hili, ila lazima pande zote mbili ziwe nayo.

Kwa michezo, chagua yenye kipokezi chake cha USB cha GHz 2.4: sauti huchelewa kidogo sana na maiki haishushi ubora. Ikikwaruza, angalia ilipochomekwa. Intel ilieleza mwaka 2012 kwamba matundu na nyaya za USB 3.0 hutoa kelele ya redio palepale kwenye masafa ya GHz 2.4. Kipokezi kilicho kando ya diski ya nje ya USB 3.0 hukosa hewa. Kitoe kwa waya wa kurefusha wa USB 2.0 wa mita 1, ukiweke mezani mahali kinapoonana na hedifoni.

Mikwaruzo: hapa usinunue

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika mmsys.cpl. Fungua sifa za hedifoni, zima viboreshaji vyote, kisha weka biti 24 na Hz 48,000. Kwenye orodha ya vifaa vya kurekodi, fungua maiki na uondoe alama ya kusikiliza kifaa hicho. Ndiyo inayokurudishia feni ya chumba. Hapohapo shusha nyongeza ya maiki. Huja kwa hatua za desibeli 10, na kwenye desibeli 30 wenzako wanasikia zaidi chumba kuliko wewe.

Mikwaruzo ikibaki, endesha LatencyMon, programu ya Windows inayopima ucheleweshaji wa draiva, kwa dakika 10 huku muziki unacheza. Itakuonyesha draiva inayochelewesha wengine. Ya Wi-Fi na ya kadi ya michoro ndizo za kushuku kwanza: zima Wi-Fi kwa muda, usikilize, kisha sasisha au urudishe toleo la zamani. Kwa kadi ya USB, zima pia usitishaji wa USB kwenye mpango wa umeme.

Kwenye Linux, kipasuko kinachokuja muziki unapoanza, pamoja na nusu sekunde ya kwanza kumezwa, ni chipu ya sauti inayoamka usingizini. Kwa sauti ya ubao mama, weka faili ndani ya /etc/modprobe.d/ lenye mstari huu: options snd_hda_intel power_save=0, kisha washa upya. Kwa kadi ya USB, WirePlumber, programu inayosimamia vifaa vya sauti, huilaza baada ya sekunde 5 za ukimya, weka session.suspend-timeout-seconds iwe 0.

Kifaa kipya kikifika

Kijaribu siku ileile, muda wa kurudisha ukiwa bado upo, kwenye tundu la nyuma na bila kigawanyio. Shusha sauti hadi sifuri, sikiliza dakika mbili kwenye chumba kimya. Washa kazi nzito ya michoro, sogeza kipanya, hamisha faili kubwa kwenda kwenye diski ya nje. Kisha kirudie kwenye kompyuta mpakato inayotumia betri. Kelele ikiwepo kwenye kompyuta ya mezani tu, jaribu tundu lingine la USB kabla ya kukilaumu. Mlio wa kimo kimoja ukiwepo kwenye kompyuta zote mbili, kirudishe.